Mnara wa kifaru unarushwa na nini, na kwa nini kuongeza chuma hakutoshi

"Mtaalamu, naomba utumalizie ubishi. Kwenye video za vita vya Ukraine naona kifaru cha Kirusi cha T-72 kikipigwa, mnara mzima unang'oka na kurushwa juu. Kaka yangu anasema ni mafuta yanayolipuka, na kwamba vifaru vya Magharibi kama Abrams na Leopard haviwezi kupatwa na hayo kwa sababu chuma chake ni kinene zaidi. Mimi nauliza, kama shida ni unene, si waongeze tu chuma? Na kama droni ndogo inaweza kumaliza mtambo wa tani 45, kifaru bado kina kazi gani? Halafu kuna jambo jingine: njiani tunapopita kuna mabaki ya kifaru cha vita vya zamani, na watoto hupanda juu yake. Kuna ubaya?"

Ndugu msomaji, nianze na hilo la mwisho kwa sababu linahusu uhai wa watoto. Ubaya upo, na wasipande tena, hata kama mabaki hayo yamekaa miaka mingi na majani yameota juu yake. Ndani ya kifaru kilichoachwa vitani huweza kubaki risasi za mzinga ambazo hazikulipuka, na fyuzi (kifaa kinachowasha mlipuko) iliyoliwa na kutu haitabiriki tena. Vimitutu vya kurushia moshi ubavuni mwa mnara huenda bado vimepakiwa. Vile visanduku vya chuma vilivyopangwa mbele na ubavuni mwa vifaru vingi vya Kirusi vina baruti ya mlipuko ndani yake. Baruti ya kusukumia risasi, ambayo mara nyingi ni punje au vijiti vikavu, huwaka kwa njiti moja ya kiberiti. Na ikiwa kifaru hicho kilipigwa kwa risasi ya urani hafifu (metali nzito ya kutobolea vifaru), vumbi lililobaki ndani ni sumu.

Rudini kwa njia ileile mliyoingilia. Msiokote kitu, msikate chuma kwa ajili ya skrepa, na kama inawezekana wekeni alama inayoonekana kwa mbali. Kisha toeni taarifa kwa polisi, jeshi, au shirika la kuondoa mabomu kama MAG au HALO Trust ikiwa lipo eneo hilo. Kama mtoto ameshaokota kipande na kukipeleka nyumbani, mtu yeyote asikibebe kukirudisha. Tokeni ndani ya nyumba, wafungieni watu njia, waiteni wataalamu wakifuate kilipo. Aliyeingia ndani ya mabaki anawe vizuri, nguo zake zifuliwe, na akijisikia vibaya aende hospitali aseme alikuwa wapi. Hakuna ushauri wa maandishi unaoweza kuchukua nafasi ya mtu aliyefunzwa kazi hiyo akafika mwenyewe.

Sasa ubishi wenu. Kaka yako amekosea kuhusu mafuta, na nusu amekosea kuhusu Leopard.

Vifaru vingi vya leo hutumia dizeli, na dizeli ni ngumu kuwaka kwa ghafla. Inaweza kuungua, ikaua kifaru na kutoa moshi mweusi mzito, lakini haiwezi kwa urahisi kung'oa mnara. Isitoshe, vifaru vya kisasa vina vihisi vya moto vinavyofungua mitungi ya gesi ya kuzimia ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla moto wa mafuta haujawachoma waliomo. Kinachorusha mnara ni akiba ya risasi za mzinga, hasa ile baruti ya kusukumia. Hili si jipya. Katika Vita Vikuu vya Pili, Wamarekani walichunguza vifaru vyao vya Sherman vilivyokuwa vikiungua na kugundua kuwa chanzo kikubwa ni risasi zilizopangwa kandokando ya bodi, yaani mwili wa kifaru ulio chini ya mnara. Walipozishusha sakafuni na kuzizungushia maji, idadi ya vilivyoungua baada ya kutobolewa ilishuka mno.

Tofauti kati ya mafuta na baruti ya kusukumia ni hewa. Mafuta yanahitaji oksijeni kutoka nje, ukiyanyima, yanazimika. Baruti imebeba oksijeni yake ndani ya kemikali zake. Ikishika moto hakuna gesi ya kuizimia, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyozidi kuungua kwa kasi. Kwenye T-72 baruti hiyo imefungwa katika makasha ambayo yenyewe yanaungua, isipokuwa kitako kidogo cha chuma ambacho hutupwa nje baada ya kufyatua. Kasha la namna hiyo lina faida zake, kwani halijazi chumba maganda ya moto. Ubaya wake ni kwamba kipande kimoja cha chuma chekundu kikiligusa, kazi imekwisha.

Tufanye hesabu kidogo. Mnara wa T-72 umekaa juu ya pete yenye kipenyo cha takriban mita 2.1, kama kifuniko juu ya sufuria. Eneo la duara hilo ni karibu mita za mraba 3.5. Shinikizo la ndani likizidi la nje kwa baa 1 tu (karibu sawa na shinikizo la kawaida la hewa), nguvu inayosukuma mnara kwenda juu inafika takriban tani 35. Mnara wenyewe una uzito wa tani zaidi kidogo ya 10. Na baruti inayoungua ndani ya chumba kilichofungwa haiishii baa 1. Ndiyo maana mara nyingi unaona kwanza ndimi ndefu za moto zikitoka kwenye milango ya juu kwa sekunde kadhaa, zikinguruma, halafu ghafla mnara unaondoka: milango haiwezi kutoa gesi kwa kasi inayolingana na ile inayozalishwa. Wakati mwingine risasi za mlipuko zilizomo nazo hulipuka, na hapo hakuna sekunde za kusubiri.

Kwa nini basi Warusi waliweka risasi hapo? Si kwa uzembe. Walitaka kifaru kifupi, chepesi na kigumu usoni. Njia ya kufika huko ni kupunguza nafasi ya ndani, maana kila lita ya nafasi lazima izungushiwe deraya, yaani ukuta wa kinga wa kifaru. Wakamwondoa mpakiaji, wakaweka mtambo wa kupakia, na wafanyakazi wakabaki watatu: dereva, mpiga mzinga na kamanda. Risasi 22 zimelazwa katika sinia la duara sakafuni chini ya miguu ya watu wa mnarani, kila risasi ikiwa imetenganishwa na baruti yake. Kimo cha kifaru kikawa karibu mita 2.2, na T-72 ya kwanza ikawa na tani 41 tu. Kwa vita vilivyofikiriwa miaka ya 1970, ambapo mapigo yangetoka mbele na kwa usawa, sakafu ilikuwa mahali salama pa kutosha: chini, nyuma ya kilima au tuta, mbali na macho ya adui. Hatari zaidi zilikuwa risasi za ziada, ambazo zinachomekwa huku na huku ndani ya bodi na mnara. Wafanyakazi wenye uzoefu hujaza sinia peke yake na kuziacha hizo nyingine, na wana sababu nzuri.

Kilichobadilika ni mwelekeo wa pigo. Kombora kama Javelin huruka juu kisha hushuka kwenye paa. Droni hufanya hivyohivyo. Paa la vifaru vingi lina makumi machache tu ya milimita za chuma, na pigo linaloshuka wima kupitia mnara linakwenda moja kwa moja hadi kwenye lile sinia la sakafuni. Uamuzi uliokuwa na akili dhidi ya pigo la mbele ukawa mtego dhidi ya pigo la juu.

Kutoboa nako kuna imani moja inayosambaa sana, kwamba kichwa cha RPG (roketi ya kurushwa begani) "huyeyusha" chuma. Sivyo. Ndani ya kichwa hicho kuna baruti yenye tundu la umbo la faneli, lililovishwa shaba nyembamba. Ikilipuka, shaba inabanwa kuelekea kati na kuchomoka mbele ikiwa uzi mwembamba ambao ncha yake hukimbia kilomita 8 hadi 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo shinikizo mahali pa mgongano hushinda uimara wa chuma chochote, kinasukumwa pembeni kikiwa bado hakijayeyuka. Risasi nyingine kubwa ya kutobolea, ule mshale mrefu wa tungsteni au urani hafifu unaofyatuliwa na mzinga wa milimita 120 au 125, haina baruti ya mlipuko kabisa. Huondoka mtutuni kwa mita kama 1,600 hadi 1,750 kwa sekunde na hutegemea kasi, urefu na uzito wake. Kwa vyovyote vile, kinachowaua waliomo ni vipande vinavyomwagika upande wa ndani, na hicho ndicho kinachowasha baruti pia.

Abrams ilijibu tatizo hili kwa kutenganisha. Risasi zake nyingi, 34 kati ya 40 kwenye M1A1, zimewekwa katika chumba nyuma ya mnara, kilichotengwa na watu kwa mlango mzito wa kuteleza. Paa la chumba hicho limewekewa vibamba vilivyofanywa dhaifu kwa makusudi. Chumba kikipigwa, vibamba vinang'oka kwanza, moto unapanda angani, watu wanabaki upande wa pili wa mlango. Mpakiaji hufungua mlango kwa kusukuma swichi kwa goti, anavuta risasi, unajifunga. Udhaifu uko hapo: pigo likifika wakati mlango uko wazi, au wafanyakazi wakiuacha wazi ili kuharakisha upakiaji, mpango wote unavunjika. Na hata mpango ukifanya kazi, kifaru hakipigani tena siku hiyo. Kilichookolewa ni watu, na kwa maoni yangu hilo linatosha kuuhalalisha.

Leopard 2 ni nusu tu ya hivyo. Hubeba risasi 42, na 15 zimo katika chumba cha nyuma ya mnara chenye vibamba vya kupasukia. Zile 27 nyingine ziko ndani ya bodi, mbele, kando ya dereva, bila njia ya kutolea moto. Deraya ya mbele inazilinda vizuri sana, ila ubavu hauzilindi hivyo. Mwishoni mwa 2016, karibu na al-Bab nchini Syria, Leopard 2A4 za Uturuki zilipigwa, na picha zikaonyesha minara imeng'oka vilevile. Basi mwambie kaka yako suala halihusu Mashariki na Magharibi. Linahusu risasi ziko wapi, na moshi wake umepewa mlango gani.

Wala mtambo wa kupakia si mkosaji. Leclerc ya Ufaransa na K2 ya Korea Kusini zina mitambo ya kupakia na wafanyakazi watatu, lakini mitambo hiyo iko nyuma ya mnara, imetengwa na watu. Hata hivyo zote mbili hubeba akiba nyingine ndani ya bodi, 18 kwa Leclerc na 24 kwa K2, kwa kuwa nafasi ya nyuma haitoshi zote. T-90M, toleo jipya la ukoo wa T-72, ilihamisha sehemu ya risasi za ziada hadi kwenye sanduku la nje ya mnara, ambayo ni hatua nzuri, ila sinia la sakafuni likabaki. Merkava ya Israeli ilichukua njia yake: injini mbele, mlango wa kutorokea nyuma, na risasi ndani ya makasha yanayostahimili moto kwa muda, ili watu wapate nafasi ya kutoka.

Kuhusu kuongeza chuma, chukua karatasi. Kifaru kina urefu wa bodi wa karibu mita 7 na upana wa mita 3.5, yaani mita za mraba 24.5 ukikitazama kutoka juu. Kuongeza sentimita 10 za chuma juu ya eneo hilo ni mita za ujazo 2.45. Chuma kina tani 7.85 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo umeongeza tani 19, na bado hujagusa ubavu wala nyuma. Tani hizo hazikai kimya. Giaboksi inapata moto, fimbo za chuma zinazobeba magurudumu zinachoka mapema, minyororo inakatika, matumizi ya mafuta yanapanda, daraja lililokuwa likikubeba linakukataa, na ukikwama kwenye tope unahitaji magari mawili ya kukuvuta badala ya moja. Leopard 2 ilianza mwaka 1979 ikiwa na tani 55 hivi na injini ya nguvu za farasi 1,500, sawa na farasi 27 kwa tani. Leo toleo la 2A7 linazidi tani 65 kwa injini yenye nguvu ileile, farasi kama 23 kwa tani.

Ndiyo sababu deraya ya kisasa haitegemei unene pekee. Usoni kuna tabaka za chuma, kauri, na mabati mawili yaliyobana mpira katikati; pigo likipita, mpira huyasukuma mabati yakateleza na kuukata ule uzi wa shaba au kuupinda mshale. Visanduku vya baruti vya nje hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu zaidi, ila kila kimoja hutumika mara moja, na mahali kilipokuwa panabaki uchi. Karibu ulinzi wote mzito huwekwa katika upinde wa mbele. Tarakimu za "milimita 800 za chuma" au zaidi unazoziona mtandaoni ni makadirio ya wapenzi. Wenye vifaru hawatangazi.

Nitaje kasoro moja ya T-72 isiyozungumzwa vya kutosha, kwa kuwa wewe unapenda video: mwendo wake wa kurudi nyuma ni kama kilomita 4 kwa saa. Leopard 2 hurudi kwa kilomita 31. Kifaru kilichogundua kuwa kimeonekana kinatakiwa kuondoka huku kimeuelekeza uso wake mgumu kwa adui. Kisichoweza kurudi nyuma upesi hulazimika kugeuka, na kikigeuka kimetoa ubavu na mgongo.

Droni sasa. Video unayoiona imechaguliwa. Mapigo yaliyotangulia bila matokeo mara nyingi hayawekwi. Mara nyingi kifaru hukatwa mnyororo kwanza na bomu la ardhini, wafanyakazi wanatoka, kisha droni inakuja kudondosha mzigo kupitia mlango uliobaki wazi. Hiyo haiondoi ukweli kwamba droni zimefanya paa kuwa uso mpya wa kifaru, na kinga zilizopo zote zina kasoro. Vizimba vya nyavu hunasa droni na kuharibu fyuzi zake, lakini huziba mwono, huzuia milango na wakati mwingine hufunga mzunguko wa mnara. Kulipua kichwa cha RPG sentimita chache mbele hakukipunguzii nguvu sikuzote. Mitambo ya kuvuruga mawimbi husaidia sana dhidi ya droni za redio, na haifanyi chochote kwa zile zinazoongozwa kwa waya wa nyuzi za kioo. Mifumo inayolipua kombora kabla halijagusa, kama Trophy iliyofanya kazi vitani kwa mara ya kwanza mwaka 2011, ni mizuri mno dhidi ya RPG na makombora ya ubavuni, ila ina mapigo ya kuhesabika kabla ya kupakiwa upya, ilibuniwa zaidi kwa vitisho vya usawa kuliko vya wima, na si salama kwa askari wa miguu aliye karibu. Mimi ningeanza na yasiyo na gharama kubwa: kubeba risasi pungufu, kufunga milango, kujificha vizuri, kutokaa mahali pamoja. Kisha nyavu na kivurugaji. Trophy na jamaa zake baadaye, kama uzito unaruhusu.

Kazi yake je? Droni haiwezi kukaa kwenye njia panda usiku mzima katika mvua na upepo ikiwafunika askari wanaovuka. Kifaru kinaweza. Cha kisasa kina kipima umbali cha leza, kamera za joto kwa mpiga mzinga na kwa kamanda kila mmoja na yake, vitulizi vinavyoushika mtutu kwenye shabaha hata bodi ikiruka mashimoni, na kompyuta inayohesabu upepo, joto la baruti, hata mtutu kupinda kidogo kwa kupigwa na jua upande mmoja. Kamanda hutafuta shabaha ya pili wakati mpiga mzinga bado anamaliza ya kwanza. Kutoka kuona hadi kupiga ni sekunde chache, kwa risasi isiyovurugwa na mawimbi yoyote. Kisichowezekana tena ni kukipeleka mbele peke yake, bila askari wa miguu, wahandisi wa kufagia mabomu na ulinzi wa anga.

Ukitazama video nyingine na kaka yako, angalia mambo matatu kabla ya kuamua. Moshi mweusi unaotambaa polepole kutoka nyuma ni mafuta au injini. Mwali mweupe unaopanda wima nyuma ya mnara huku mbele kukiwa kimya ni vibamba vya kupasukia vimefanya kazi yake, na huenda ukawaona watu wakitoka. Ndimi zinazonguruma kupitia milango ya watu ni baruti ya ndani. Hapo kama hakuna aliyetoka katika sekunde za kwanza, hatatoka.